Kutoka Swichibodi hadi Simu za Intaneti: Mawasiliano ya Sauti Kati ya Ofisi za Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro, 1933–2022

Historia ya simu nchini Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya mashirika yaliyoitoa huduma hiyo: Posta na Simu, kisha kampuni ya simu ya taifa, kisha kampuni za simu za mkononi. Mtazamo huo una manufaa yake, lakini unamwacha pembeni mtumiaji wa aina ya pekee, yaani taasisi yenye ofisi nyingi zilizotawanyika. Taasisi ya namna hiyo haikuitaka simu ili iongee na ulimwengu tu. Ilihitaji kwanza kuongea na nafsi yake. Ghala la kahawa la Rombo lilitaka kujua ofisi ya Moshi imeamua nini, na ofisi ya Moshi ilitaka kujua ghala la Rombo limepima kilo ngapi. Makala hii inaifuatilia haja hiyo moja tangu kuundwa kwa ushirika wa kahawa hadi kuingia kwa simu zinazopita katika intaneti. Hoja inayotetewa ni kwamba simu ya intaneti haikuja Moshi kuunda mtandao mpya wa ofisi. Iliukuta mtandao wa zamani, wenye kitovu mjini na matawi mlimani, na kwa sehemu kubwa ikaufuata mgawanyo uleule wa nani anampigia nani, nani anajua bei kwanza, na nani analipia mazungumzo.

Mlima na umbo la ushirika

Yeyote anayelitazama eneo hili kwenye ramani anaweza kudhani kwamba Kibosho na Uru, au Kilema na Marangu, ni majirani wa kutembeleana kwa dakika chache. Ardhi inasema vingine. Miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo ya mito inayoshuka kutoka msituni, na barabara nyingi hufuata migongo ya vilima kwa kupanda na kushuka badala ya kukatiza. Mara nyingi njia ya uhakika kutoka mgongo mmoja hadi wa pili ni kushuka hadi barabara ya chini, kisha kupanda tena. Hali hiyo iliwahi kuzilinda tawala ndogondogo za Wamangi zisimezane kwa urahisi. Katika karne ya 20 iliamua pia umbo la mawasiliano: kila mtaa uliunganishwa na Moshi kabla ya kuunganishwa na mtaa jirani.

Mji wa Moshi wenyewe ulikua pale reli kutoka Tanga ilipoishia kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, chini ya Moshi ya zamani iliyokuwa na boma la Wajerumani. Reli ilikuja na nyaya za simu za maandishi, na biashara ikafuata nyaya. Wakulima wa Kichaga waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake wa mwanzo. Chama hicho kikarithiwa mwaka 1933 na KNCU, kilichoandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Kwa sadfa inayofaa kukumbukwa, mwaka huohuo wa 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa moja. Mwaka mmoja, basi, uliweka mihimili miwili ya simulizi hili: chama kikuu chenye vyama vya msingi mlimani, na shirika la mawasiliano linalotazama eneo zima la Afrika Mashariki.

Muundo wa KNCU ulikuwa wa nyota. Mkulima alipeleka kahawa yake ya maganda katika chama cha msingi, ikapimwa, akapewa malipo ya awali. Kahawa iliteremshwa Moshi, ikakobolewa, ikapangwa madaraja na kuuzwa. Baada ya gharama kukatwa, malipo ya pili yalipanda mlimani. Kilo zilishuka na bei ikapanda, lakini havikusafiri kwa mwendo mmoja. Mkulima alizijua kilo zake siku ileile, kwa macho yake, mbele ya mizani. Bei ya mwisho aliijua baada ya miezi, tena kwa kinywa cha mtu mwingine.

Pengo hilo halikuwa jambo la kiofisi tu. Mwaka 1937, katika baadhi ya maeneo ya mlimani, maghala ya vyama vya msingi yalishambuliwa na wanachama wenyewe. Chanzo kilikuwa bei iliyoshuka, pamoja na kanuni iliyomlazimisha mkulima kuuza kahawa yake kupitia KNCU peke yake. Wanahistoria wengi wameyasoma machafuko hayo kama mgogoro wa mamlaka, na wamefanya hivyo kwa haki. Hata hivyo yanaweza kusomwa pia kama mgogoro wa habari. Mtu aliyelazimishwa kuuza mahali pamoja, na ambaye hakuwa na njia ya kuuliza kahawa yake iliuzwa shilingi ngapi, alikuwa na sababu ya kushuku kila sarafu iliyokatwa. Gazeti la Komkya, lililotolewa kwa Kiswahili na utawala wa Wachaga katika miaka ya 1950, ni ushahidi kwamba viongozi wa baadaye walitambua kuwa tangazo la kupandisha habari mlimani lina uzito sawa na lori la kuteremsha magunia.

Swichibodi, tarishi na simu ya upepo

Simu ya ofisini ya enzi hiyo ilikuwa na mlinda mlango. Katika ofisi kubwa za mjini waya zote ziliishia kwenye swichibodi, na opereta aliyeketi hapo ndiye aliyeunganisha chumba na chumba, au chumba na kituo cha simu cha Posta. Simu ya mbali iliombwa, ikangojewa, na kulipiwa kwa vipande vya dakika tatu kulingana na umbali. Opereta aliandika katika daftari nani amempigia nani na kwa muda gani, kwa sababu mhasibu angeuliza mwisho wa mwezi. Daftari hilo ni nyaraka ambayo watafiti wa historia ya biashara wameipuuza mno. Linaonyesha mtiririko halisi wa mamlaka katika taasisi kuliko chati za uongozi zinavyoonyesha.

Vyama vya msingi havikuwa ndani ya mzunguko huo kwa ukamilifu. Vingi vilitegemea barua, tarishi wa baiskeli na dereva wa lori la kahawa, ambaye alikuwa posta isiyo rasmi. Agizo lilipanda na gari tupu, taarifa ikashuka na gari lililojaa. Wakati wa msimu wa mavuno, unaoanza karibu mwezi Julai na kuendelea hadi mwisho wa mwaka, njia hiyo ilifanya kazi vizuri kwa kuwa magari yalikuwa mengi. Nje ya msimu ilizorota.

Mitikisiko miwili ilifuatana kwa kasi katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, na kazi zake zikahamishiwa kwa vijiji na mamlaka ya zao. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la pamoja la posta na simu likagawanyika. Upande wa Tanzania likaundwa Shirika la Posta na Simu. Mtandao wa ofisi na mtandao wa nyaya vilipoteza vichwa vyao karibu kwa wakati mmoja. Sheria ya ushirika ya mwaka 1982 iliruhusu vyama vikuu kurudi, na KNCU kikafufuka katikati ya muongo huo, lakini kilirudi katika nchi ambayo fedha za kigeni za kununulia vipuri vya vituo vya simu zilikuwa adimu.

Ndipo simu ya upepo ilipopata heshima yake. Mashirika ya dini, hospitali, mashamba makubwa, hifadhi ya taifa na baadaye kampuni za kupandisha watalii zilitumia redio za masafa kuunganisha vituo vyao bila kusubiri waya. Simu ya upepo ilikuwa na sifa ambayo simu ya waya haikuwa nayo: kila kituo kilisikia kila kitu. Kwa mtawala huo ulikuwa udhaifu. Kwa karani wa kituo cha mbali ulikuwa uhuru, kwa sababu aliyajua mambo wakati uleule ofisi kuu ilipoyajua.

Sheria kabla ya mashine

Kuanzia mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu lilitenganishwa, na kampuni ya simu ya taifa, TTCL, ikaanza kujitegemea. Kampuni za kwanza za simu za mkononi ziliingia sokoni katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2001 sehemu ya hisa za TTCL iliuzwa kwa wawekezaji wa nje, na sambamba na uuzaji huo kampuni ilipewa haki ya pekee katika huduma za simu za mezani na njia za kimataifa hadi Februari 2005.

Miaka hiyo minne ndiyo iliyokuwa na maamuzi mazito kwa simu ya intaneti, ingawa mashine zenyewe zilikuwa tayari. Programu ya kwanza ya kibiashara ya kuongea kupitia intaneti ilitolewa na kampuni ya VocalTec mwaka 1995. Kanuni ya SIP, inayoziwezesha simu kutafutana na kuanzisha mazungumzo, ilichapishwa mwaka 1999 na kurekebishwa mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 1999 Mark Spencer wa Marekani alianza kuandika Asterisk, programu huria inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi. Kwa mara ya kwanza ofisi ya wastani iliweza kumiliki kituo chake cha simu bila kununua kabati la mitambo. Lakini kampuni zilizokuwa na leseni za kusafirisha data hazikuruhusiwa kuuza sauti. Pakiti ya barua pepe ilikuwa halali. Pakiti ileile ikibeba neno “hujambo” kwa malipo ilikuwa inavuka mpaka wa haki ya mwingine.

Mpaka huo uliondolewa na mfumo mpya wa leseni wa mwaka 2005, ulioandaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mfumo uligawa leseni katika makundi manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Jambo la msingi ni kwamba haukujali tena teknolojia. Haukuuliza kama sauti inapita katika waya wa shaba, mawimbi au intaneti, bali kama mtu anatoa huduma kwa umma. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliendeleza msimamo huo.

Shaka ya dola haikuisha kwa hayo. Katika miaka iliyofuata wadanganyifu walitumia vifaa vinavyopokea simu za kimataifa kupitia intaneti na kuzitoa nchini kupitia laini za kawaida, zikaonekana kama simu za ndani. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mfumo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, ambao moja ya kazi zake ni kugundua njia hizo. Tofauti kati ya kampuni inayounganisha ofisi zake mbili na mtu anayeiba mapato ya taifa iko wazi katika maandishi ya sheria. Machoni pa askari anayekuta kompyuta, antena na rundo la laini katika chumba kimoja, tofauti hiyo ni nyembamba zaidi.

Sauti iliyopita angani

Hata sheria ilipofunguka, jiografia haikufunguka mara moja. Hadi katikati ya mwaka 2009 Tanzania haikuwa na mkonga wa baharini wa kisasa, na sehemu kubwa ya intaneti ilipita katika setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka mara moja ni zaidi ya kilomita 71,000, yaani takriban robo ya sekunde kwa mwendo wa mwanga. Ofisi mbili zilizotumia antena mbili tofauti, zikikutana kupitia kituo cha ng’ambo, zilisafirisha sauti mara mbili angani: nusu sekunde kwenda, nusu sekunde kurudi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mazuri, na unaweka 400 kama kikomo cha kupangia mitandao. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Sauti ya karani ingeweza kusafiri kilomita zaidi ya 140,000 ili kufika mahali ambapo basi dogo hufika kabla chai haijapoa vizuri kwenye chupa.

Kikwazo cha pili kilikuwa wembamba wa njia. Sauti isiyobanwa huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na zaidi ya 80 ukiongeza vichwa vya pakiti. Ikibanwa kwa njia iitwayo G.729 hushuka hadi kilobiti 8, lakini vichwa vya pakiti huirudisha kwenye 24 au zaidi. Njia ya kilobiti 128, ambayo ofisi nyingi za wakati huo zingeiona kuwa ya kujivunia, ilibeba mazungumzo matano kwa wakati mmoja, mradi asitokee mtu wa kufungua barua pepe yenye picha. Kwa sababu hiyo ofisi zilizotaka simu ya intaneti zililazimika kwanza kujifunza nidhamu ya kuipa sauti kipaumbele katika ruta, jambo ambalo mafundi waliliona la kiufundi lakini lilikuwa la kiutawala pia: kuamua kwamba maneno ya watu wawili ni ya haraka kuliko waraka wa mkurugenzi.

Hatua zilizobadilisha hali hii zilikuja kwa mfululizo. Kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti cha Dar es Salaam kilianza mwaka 2004, na Arusha nayo ikapata chake, ili data ya ndani isilazimike kutoka nje ya nchi. Mkonga wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na ujenzi wa Mkonga wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza mwaka 2009, ukaufikisha uwezo huo mikoani. Tangu hapo mpangilio wa kawaida kwa taasisi yenye ofisi Moshi, Arusha na Dar es Salaam ukawa rahisi kueleza: seva moja katika ofisi kuu, njia salama ya data hadi kila tawi, na simu za mezani zinazojitambulisha kwenye seva hiyo kwa namba fupi za ndani. Mhasibu wa Moshi alibonyeza tarakimu tatu akampata bohari wa Arusha, na hakuna dakika iliyohesabiwa na mtu wa nje. Gharama ya umbali, iliyokuwa moyo wa simu ya kikoloni, ilitoweka ndani ya taasisi moja.

Mahali swichibodi mpya ilipoishia

Hapa ndipo umbo la nyota linaporudi. Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme wake, volti 48, kutoka betri za kituo cha simu. Taa zikizimika nyumbani, simu iliendelea kulia. Simu ya intaneti hufa pamoja na ruta. Katika mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na tena wa 2011, ofisi ya mjini yenye jenereta iliweza kuvumilia. Ghala la chama cha msingi lenye mizani, meza na kabati halikuwa na kitu cha kuvumilia nacho. Kwa upande mwingine, wizi wa nyaya za shaba ulikuwa umekwisha kupunguza imani katika simu ya waya, hivyo hata pale ambapo zamani palikuwa na simu, msingi wa kuiboresha haukuwapo.

Kilichoingia pengoni kilikuwa simu ya mkononi ya katibu. Kuanzia mwaka 2015 WhatsApp iliruhusu mazungumzo ya sauti, na kwa kipimo chochote cha kiufundi hiyo ni simu ya intaneti inayounganisha ofisi nyingi. Imelifanya lile ambalo simu ya upepo ililifanya kabla yake: bei ya mnada wa kahawa unaofanyika Moshi inaweza kusomwa mlimani kabla mnunuzi hajafika nyumbani kwake. Manufaa hayo si madogo, hasa tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, wakati mkulima asiyejua bei ya mjini alipokuwa windo rahisi. Wala hayakupungua baada ya mwaka 2018, serikali ilipoagiza kahawa ipite tena katika vyama vya ushirika. Mkulima ambaye amerudishwa kwenye mlango mmoja wa kuuzia anahitaji kuuliza maswali yaleyale ya mwaka 1937.

Hata hivyo kuna tofauti mbili ambazo mtafiti wa ushirika hapaswi kuzipita. Ya kwanza ni ya gharama. Katika ofisi ya mjini simu ni ya taasisi, na kifurushi ni cha taasisi. Katika chama cha msingi simu ni ya katibu, na mara nyingi kifurushi ni chake pia. Kituo cha kugharimia mazungumzo kimehama kutoka kitovu hadi pembezoni, kwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo. Ya pili ni ya kumbukumbu. Seva ya ofisi kuu huandika kila simu, saa, namba na muda, kama daftari la opereta lilivyofanya, na taarifa hiyo hubaki kuwa mali ya taasisi. Mazungumzo ya katibu hubaki kwenye simu yake. Akishindwa uchaguzi, akihama au simu ikiangukia kwenye mfereji, makubaliano kuhusu magunia na bei huondoka naye, na mwanachama anayedai malipo ya pili hana mahali pa kuonyesha.

Mkonga wenyewe uliendelea kupanda, lakini kwa njia nyingine. Mwezi Agosti 2022 TTCL na serikali walizindua intaneti ya kasi katika vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Disemba mwaka huo huduma ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Sababu zilizotolewa zilihusu utalii na usalama wa wapandaji, na kwa waongozaji na wapagazi wanaomshusha mgonjwa usiku usalama huo ni jambo la uhai. Njia ya kwenda Horombo inapita Marangu, kati ya vihamba vya migomba na kahawa ambako vyama vya msingi bado vinaandika kilo kwenye vitabu vya karatasi na kutuma jumla yake Moshi kwa simu ya katibu.